Wanangu wanasoma chuo kwa Zoom, huu mwaka wa pili sasa, haya ndo niliyoyaona

Jamani kila nikisimama pale getini kwa shule lazima mama mmoja aniulize, eti vipi ile madrasa yenu ya kwenye kishikwambi, inafaa au tunatupa hela? Na mimi kila siku najibu nusu nusu manake foleni inanisubiri. Leo watoto wamelala, baba yao kasafiri, nimekaa naandika yote mara moja, mwenye haraka aruke aende kule chini kwenye mambo ya hela.

Ni hivi, ni chuo cha Qur'ani cha mtandaoni, mwalimu mmoja mtoto mmoja, dakika 30, mara 3 kwa wiki, dola 35 kwa mwezi kwa mtoto, na nilipoanza 2023 hiyo ilikuwa kama shilingi 85,000 hivi kwa kila kichwa na mimi nina vichwa viwili. Jina lao silitaji. Kwanza siku hizi wako kama utitiri na wote wanafanana, tangazo lile lile la katoto kamevaa kofia nyeupe kanatabasamu mbele ya laptopu, pili bado nawadai hela yangu, nitafika huko.

Na nikisema chuo nina maana ya chuo, sio chuo kikuu. Neno lilikuwa letu kwanza hilo, chuo kilikuwa kitabu na mahali pa kusomea Qur'ani zamani hata hiyo UDSM haijaota, na mwanachuoni alikuwa sheikh aliyebobea, sio mtu wa digrii. Haya tuendelee.

Kwa nini nilikwenda huko. Mimi nimekulia Tanga, Ngamiani, na wakati wetu shule ilikuwa inaisha mapema, unarudi unakula unavua yunifomu unavaa kanzu au buibui lako dogo, saa 9 alasiri uko barazani kwa maalim na juzuu yako kwapani mpaka jua lianze kulala. Hakukuwa na kuamua. Hakuna mzazi aliyekaa akajiuliza je mwanangu nimpeleke chuo, yaani ni kama kuuliza je mwanangu anywe maji. Sasa njoo kwa wanangu, tunakaa Tabata, shule ni inglishi midiamu iko huko karibu na Mbezi, basi la shule linapita saa 11 na nusu alfajiri na linawarudisha saa 11 jioni kama Mungu kajalia hakuna mvua, wana homework, Jumamosi mkubwa ana masomo ya ziada. Hiyo saa 9 alasiri iko wapi? Watu wanapenda kusema kizazi hiki dini imewatoka, mara sijui magharibi, mara katuni. Mimi naona kwangu kilichotutoka ni saa 9 alasiri. Imani ipo, nia ipo, hela hata ipo, ila saa yenyewe ilishauzwa kwa basi la shule.

Na usidhani ni Waislamu peke yetu. Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni Mlutheri wa Moshi, mwanawe yuko mafundisho ya kipaimara, ni Jumamosi kwa Jumamosi kwa muda mrefu na wenyewe hawataki utoro, na Jumamosi ndo hiyo hiyo shule imetia tuisheni. Wiki ile tunaongea anafua, ananiambia mama nanihii sadaka natoa kwa lipa namba nikiwa kitandani sina shida, lakini mtoto siwezi kumtuma kwa lipa namba. Tulicheka sana ila alikuwa na hasira kweli.

Basi nikajaza fomu yao. Ukijaza tu, hazijapita dakika 10 mtu wa WhatsApp kakufuata, salamu ndefu nzuri ya Kiarabu, halafu bei. Wanakupa masomo 2 ya majaribio bure. Mwalimu tuliyepewa yuko Lahore, Pakistani, kijana mpole sana, kahifadhi juzuu zote 30, yaani Qur'ani nzima, sauti yake ukiisikia unasimamisha mwiko hewani. Anafundisha kwa Kiingereza, na mkubwa wangu (alikuwa na miaka 9 wakati ule) Kiingereza ndo lugha yake ya shule kwa hiyo akaelea tu. Mdogo, binti wa miaka 6, alikuwa anajibu yes yes kwa kila kitu hata akiulizwa jina la baba yake.

Kituko cha kwanza kilikuja wiki ya tatu. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, akamsikia mjukuu wake anafanya mazoezi chumbani, be zabar ba, be zer bi, be pesh bu. Akaweka kikombe cha chai chini. "We mume wangu, hiyo lugha gani?" Mtoto anamwambia Bibi, hii ndo Qur'ani. "Qur'ani naijua, fataha iko wapi? Kisra? Dhumma?" Mwalimu kumbe anafundisha zile irabu kwa majina ya kwao ya Kiurdu. Kitu chenyewe ni kile kile, kaalama juu, kaalama chini, mkia juu, lakini mama aliniangalia kama nimemuuza mtoto. Mimi nikasema si kitu, na kweli kwa kusoma si kitu, ila niliweka akilini kwamba huyu mwalimu anakuja na nchi yake yote nyuma yake, sio sauti tu.

Sasa tuwape haki yao. Katika kusoma, kusoma kwenyewe, hawa watu wako vizuri mno na lazima niseme. Wanatumia Qaida Nuraniya, kile kitabu kilichotoka huko huko Bara Hindi ambacho sasa kimeenea dunia nzima, herufi peke yake kwanza, halafu herufi zikiungana, halafu irabu, halafu madda, kule kuvuta sauti, kwa mpangilio ambao sisi hatukuwahi kuuona. Sisi tulianza alifu kwa kijiti kweli kweli, maalim anasukuma kijiti chake kwenye herufi, tunaimba wote, na nusu yetu tulikuwa tunaimba tu kwa kufuata sauti ya mwenzio bila kujua kijiti kiko wapi. Mimi nilikaa kwenye juzuu ya Amma miaka 2. Mwanangu miezi 5 alikuwa anakamata aya asiyowahi kuiona anaisoma polepole bila kukosea. Na binti naye taratibu akafuata. Mwalimu mmoja macho yote kwa mtoto mmoja, hakuna pa kujificha.

Halafu hakuna bakora. Nyie mnaokumbuka mzazi anavyomkabidhi mtoto, mwalimu nyama yako, mifupa yangu, mnajua naongea nini. Wapo waliosoma na kufika mbali kwa bakora ile, na wapo niliokuwa nao barazani ambao mpaka leo wakisikia chuo mwili unasisimka na hawakurudi tena, na watoto wao hawajui hata Fatiha. Watu hao hatuwahesabu tukisifia zamani. Kwenye Zoom nakaa jikoni mlango wazi nasikia kila neno, mwalimu akimuudhi mtoto najua dakika hiyo hiyo. Kwa mama hilo lina bei yake.

Ila kuna suala la sauti na hili nataka mnisikilize kwa makini kwa sababu hakuna tangazo litakalokuambia. Zoom imetengenezwa kwa ajili ya mikutano ya kazini. Inatafuta sauti ya mtu anayeongea, kingine chochote kinachovuma mfululizo inadhani ni feni au gari inakipunguza. Sasa tajwidi, zile kanuni za kuisoma Qur'ani sawasawa, nusu yake ni kuvuma! Mtoto anavuta madda ya harakati 6, yaani vipimo 6, ile ya walaa dhaaaaalliin, anafika harakati ya 3 sauti inakatika upande wa mwalimu, mwalimu anamwambia umekata mapema rudia, mtoto anarudia, inakatika tena, mtoto machozi. Ghunna, ile sauti ya kupitia puani, ndo usiseme. Tuliteseka wiki 6 hivi mpaka shemeji yangu anayepiga kinanda kwenye maharusi akanionyesha, kuna mahali kwenye settingi unawasha ile original sound ya watu wa muziki, inaacha kuchuja. Ukawa mwisho wa machozi. Yaani mtu wa taarabu ndo kaokoa tajwidi nyumbani kwangu, msimwambie mama.

Na herufi zenyewe, ha ya kawaida na haa ya kooni, sini na swadi, hizo kwenye spika ya kishikwambi zinafanana kama mapacha. Nunueni hedifoni nzuri kidogo yenye maiki, sio zile za buku tano za Kariakoo. Tofauti niliisikia mimi mwenyewe nisiye na sikio.

Kitu kingine ambacho Zoom haiwezi kabisa ni kusoma pamoja. Jaribuni watoto wawili tu wasome Fatiha kwa pamoja mtandaoni, huyu yuko iyyaaka huyu yuko maaliki, ni fujo, sauti inachelewa kidogo tu lakini kidogo hicho kinatosha kuvuruga. Kwa hiyo kule kuimba kwetu, watoto 40 barazani kila mmoja na yake na zote zinakuwa moja, kule ambako ukipita mtaa wa pili unajua hapa pana chuo, hakuna. Mtoto anasoma peke yake chumbani mlango umerudishwa, kama mtu anayeongea na benki.

Sitaki mdhani nalilia zamani. Mama yangu huyu huyu aliyeshtuka na zabar na zer, nyumbani kwetu kulikuwa na kanda za Abdul Basit, redio kaseti ya National, Ijumaa asubuhi mtaa mzima unasikia, na hakuna aliyesema sauti ya Mmisri kwenye plastiki itaharibu dini ya Tanga. Na programu wanayotumia hawa kumsikilizisha mtoto nyumbani ni sauti ya Sheikh Husary, msomaji wa Misri, ambaye alirekodi msahafu mzima mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo hata hicho kipya ni cha zamani kuliko mimi. Ukirudi nyuma zaidi, huko Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa anatoa gazeti miaka ya 1930, Sahifa halafu Al-Islah, anawapigia Waislamu kelele kwamba wanaachwa nyuma na elimu na kwamba kukariri bila kuelewa hakutoshi, na huyo alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya sio mtu wa mtaani. Sheikh Abdallah Saleh Farsy kamaliza tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ikatoka 1969, na ndo iliyopo kabatini kwa mama mpaka kesho. Hata msahafu wenyewe, ule wa mama ni chapa ya kihindi, herufi nene zimekaa kama zimeshiba, wanangu wanasoma ule wa Madina wa mistari 15 ambao kiwanda chake kilianza kuuchapa miaka ya 1980 na sasa umejaa kila msikiti, na mama akitaka kusoma huo wa Madina anavaa miwani analalamika herufi zimekonda. Kila kizazi kina msahafu wake wa dukani. Mimi sina ugomvi na mashine.

Ugomvi wangu ulianza siku ya kunuti, ile dua ya kusimama ndani ya swala.

Alfajiri moja ya Jumapili baba yao anaswalisha sebuleni, rakaa ya pili kasimama baada ya rukuu kainua mikono kaanza kunuti kama tulivyolelewa wote pwani hii, mkubwa wangu akaenda zake sijida. Peke yake. Halafu akakaa pale chini anatusubiri. Tulipotoa salamu akamwambia baba yake kwa adabu kabisa, baba umezidisha, ustadhi anasema kunuti ni ya witri, ile swala ya usiku. Baba yake akanitazama mimi! Tena ndo nikaanza kuona vitu ambavyo vilikuwa vinapita mbele yangu, mtoto akienda rukuu hainui mikono, amini anaisema kimya kimya. Mwalimu wa Lahore ni Mhanafi, anafuata madhehebu tofauti na yetu. Hajakosea chochote, ndivyo anavyoswali yeye na baba yake na mji wao wote, na kitabuni hizo ni njia zinazokubalika tangu karne na karne. Lakini sisi ni Mashafii, msikiti wa mtaa wetu ni wa Kishafii, babu zao ni Mashafii, na hakuna mtu aliyeniuliza kwenye ile fomu. Fomu iliuliza mtoto anapenda rangi gani. Rangi!

Hapo ndo nikaelewa nimenunua nini. Tangazo lilisema Qur'ani, nikadhani Qur'ani ni Qur'ani, kama sukari. Zamani maalim alikuwa wa mtaa, fiqhi yake, yaani sheria zake za ibada, ndo fiqhi ya msikiti ndo fiqhi ya nyumbani, ilikuwa haina hata jina, ilikuwa inaitwa tu kuswali. Sasa mtoto wa darasa la 4 anarudi sebuleni na madhehebu.

Na ingekuwa ni mwalimu tu ningemaliza kwa simu moja. Shida ni kwamba mtoto akishazoea kuwa dini inakaa kwenye kishikwambi, anaendelea kuitafuta humo humo. Somo likiisha anaingia YouTube kusikiliza sura yake, inacheza hiyo, inajileta nyingine, inajileta mtu mmoja ana ndevu na hasira, na mwezi wa mfungo sita mwanangu akamwambia bibi yake kwamba maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na wanaosoma wataulizwa. Bibi yake ambaye kila mwaka anachangia mchele wa maulidi ya mtaa tangu mimi sijazaliwa. Mama hakugombana naye, alimwuliza tu, "Nani kakwambia, mume wangu?" Mtoto akasema, "Mtu." Mtu gani? Hajui. Anatoka wapi? Hajui. Mimi sisemi maulidi yasomwe au yasisomwe, mabishano hayo yana wenyewe na yana miaka, masheikh wakubwa wa pwani hii walibishana kwa vitabu na waliamkiana msibani. Ila walikuwa na majina jamani. Ukimkasirikia unajua nyumba yake.

Kuna kifurushi cha nyongeza wanakiita Islamic studies, dola 15, msinunue. Ni maswali ya kuchagua A B C D, nguzo za Uislamu ni ngapi, Mtume alizaliwa mji gani, ukimaliza unapata cheti chenye maua cha kuprinti. Kina mpaka kipengele cha adabu chenye maksi! Mwanangu kapata adabu 9 kwa 10 wiki ile ile aliyomfokea dada wa kazi. Najua hata mashuleni dini imekuwa mtihani, kidato cha nne kuna Elimu ya Dini ya Kiislamu na wenzetu wana Bible Knowledge, na sina neno, mtihani unasaidia watu kuchukulia somo kwa uzito. Lakini mtoto wa miaka 7 kujifunza kutawadha kwa kubonyeza A wakati bomba liko pale, hapana.

Sasa msiba. Mwaka jana alifariki mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu wa watu, nikaenda na wanangu siku ya khitma, kile kisomo cha kumwombea marehemu. Vijana wa chuo cha hapo jirani waliitwa kama kawaida, wakaingia na vikoi vyao vimefubaa, mmoja mkubwa kachukua zile juzuu 30 kwenye sanduku anagawa bila kuambiwa, mwingine kashachukua birika na beseni, wanajua nani anakaa wapi. Mkubwa wangu akapewa juzuu yake, akasoma, na walahi nilijisikia vizuri, sauti safi, haa zake zinatoka kooni, wazee wawili waligeuka kumtazama. Halafu mzee mmoja akaanza Yasini kwa lafudhi yetu ile ya nyumbani, ya Rahamani ra Rahimi, mnaijua, na mwanangu katikati ya watu akasema kwa sauti, "Amekosea. Sio ha hiyo."

Kimya. Nilitamani mkeka unimeze. Yule mzee, Mungu ampe umri, akacheka akasema haya sheikh tuendelezee wewe, na mtoto kwa kuwa hajui aibu akaendelea kweli, akaisoma Yasini yote vizuri kupita mtu yeyote aliyekuwepo pale, na mzee anatikisa kichwa kwa raha. Ilipokuja tahlili sasa, ile la ilaha illallah inayoanza polepole inapanda, watoto wa chuo wameshaingia nayo miili inayumba, mwanangu kaduwaa. Ikaombwa Fatiha wakapaka uso, yeye anaangalia huku na huku. Ukaja ubwabwa kwenye sinia, wenzake 6 wameshakunja mikono wamezunguka, mwanangu kaniita kwa mbali, mama, kijiko kiko wapi.

Nilipomsimulia mama kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanyamaza, akasema, "Anasoma vizuri mjukuu wangu. Ila hajakaa chuoni."

Nimelifikiria sana hilo neno, kukaa. Mimi kwenye miaka yangu ya barazani, kusoma hasa nafikiri ilikuwa robo. Iliyobaki ilikuwa ni kuteka maji ya maalim, kumfundisha alifu mtoto aliyekuja nyuma yangu huku na mimi nafundishwa na aliye mbele, kungoja zamu, kwenda khitma za watu tusiowajua na kurudi na ubwabwa kwenye kitambaa. Hakuna aliyetuambia hiyo ni elimu. Na maalim hakuwahi kututoza kwa hiyo robo tatu, ilikuwa inakuja yenyewe. Hawa wa Zoom wameitoa ile robo, wameisafisha, wameifanya bora kuliko ilivyokuwa, wanaiuza dola 35. Nyingine haimo kwenye kifurushi na huwezi kuwalaumu, ungeiweka vipi?

Haya mambo ya hela na huduma, kwa mlioruka. Malipo ni kadi ya benki tu, hakuna mtandao wa simu, na ukishaweka kadi wanakata wenyewe kila mwezi. Mwezi wa 9 walinikata mara mbili. Nikaandika, nikatuma skrinishoti, nikajibiwa kwa salamu ndefu nzuri ile ile na subira ni nusu ya imani, mpaka leo dola 35 zangu ziko huko. Bando, kwa masomo 6 ya video kwa wiki jiandaeni, mimi nilihamia intaneti ya nyumbani ya mwezi ndo nikapumua. Umeme, ule mgao wa mwishoni mwa 2023 ulitumaliza, somo likikatika baada ya dakika 5 wao wanahesabu limefundishwa, na hiyo sio haki. Tulitulia mwanzoni mwa 2024 bwawa la Nyerere lilipoanza kutoa umeme wake wa kwanza.

Na saa. Walitupangia saa 12 na nusu jioni, kwa mwalimu Lahore hiyo ni saa 2 na nusu usiku, magharibi kashaswali zamani, kwetu sisi ndo adhana inalia. Wiki mbili nzima mtoto anafundishwa Qur'ani huku swala inapita mpaka nikawapigia. Hawakuwa na nia mbaya, ile kalenda yao tu haina jua ndani yake.

Baada ya kelele zangu za kunuti niliomba kubadilishiwa mwalimu, ikachukua mwezi, wakatupa ustadhi wa Unguja anayefanya kazi nao. Jamani. Anaongea Kiswahili, anasema fataha, anamwuliza binti yangu umekula nini, na siku moja umeme umekatika kwetu akapiga simu ya kawaida akamsikilizisha sura kwa simu. Bei ni ile ile. Binti aliyekuwa wa yes yes sasa yuko sura ya Naba na ananiuliza maana. Huyo peke yake nampa nyota zote 5. Kampuni nampa 3, na zingekuwa 3 na nusu wangenirudishia hela.

Jumamosi mchana na Jumapili asubuhi nimewapeleka chuo cha jirani, wale wale wa msibani, shilingi 10,000 kwa mwezi na ndoo ya mchele Ramadhani. Na wao wamebadilika msidhani, kuna ubao mweupe na kalamu za wino, viti vya plastiki, maalim ana grupu la WhatsApp la wazazi anatuma vois za dakika 7, bakora iko ukutani imeninginia ila sijasikia ikishuka. Mkubwa siku ya kwanza alirudi amenuna, anasema maalim anamfundishisha alifu katoto ka miaka 4 wakati yeye kalipiwa kusoma. Nikamwambia kafundishe. Usomaji wa pale ni wa kelele na haa zinapotea, namjua maalim wetu mapungufu yake, ndo maana Zoom sijaikata, nimeipunguza tu kuwa mara 2 kwa wiki.

Baba yao anasema tunalipa mara mbili kitu kimoja. Mie nimenyamaza, bado tunabishana, mwezi huu wanakata tarehe 28.

Kwa anayetaka kujaribu, yale masomo 2 ya bure msiyamalizie kwenye kusikiliza sauti nzuri kama mimi. Kaa karibu na mtoto, mwulize mwalimu yuko mji gani, anaswali vipi subhi yake, anaongea lugha gani na mtoto akikwama, somo la umeme kukatika wanalihesabu vipi, na hayo yote kabla hujatoa kadi. Na washeni ile settingi ya muziki.